Kazi ya kufundisha nje ya darasa kwa michezo ya simu: nianzie wapi?

Mwalimu_Wete: Assalamu alaikum. Nina stashahada ya ualimu wa sayansi, nipo Pemba. Nataka kazi inayounganisha teknolojia ya elimu, michezo na kufundishia nje. Mwajiri nimuoneshe nini?

Mkokoni: Waalaikumu salaam. Muoneshe mchezo mmoja unaochezeka, vyeti vitafuata. Chukua mikoko, vituo vitano. Maswali andika kwa Twine, programu ya kutungia michezo ya maandishi, inatoa faili la HTML linalofunguka bila intaneti. Kila mti weka msimbo wa QR uliobeba neno la siri la kufungulia swali, si kiungo cha tovuti, maana mtandao ukikatika mchezo umekwisha. Kwenye mchu, aina mojawapo ya mikoko, mtoto aonje jani kwa ncha ya ulimi, asikie chumvi, ndipo achague jibu. Hapo ndipo penye somo lenyewe! Simu moja watoto watatu. Wakizidi, wengine hutazama tu.

Bamvua: Naongezea. GPS ya simu usiitegemee kutambua mti: hata pahala peupe hukosea mita kadhaa, chini ya majani ndiyo zaidi. Misimbo ichapishe sentimita 6 kwa 6, kiwango H cha kurekebisha makosa, kinachosomeka hata sehemu ikichafuka tope. Plastiki ya kung'aa usiitumie, jua likipiga kamera haisomi. Na ratiba ipange kwa maji: ingieni yakiwa yanakupwa, yakianza kujaa watoto wote wawe nchi kavu.

Mwalimu_Wete: Shukran sana. Nitajuaje wamejifunza?

Mkokoni: Maswali yaleyale kabla ya mchezo, kisha wiki moja baadaye, bila simu. Matokeo yote mawili yatie kwenye maombi yako ya kazi.