Nimepigwa: diski nne "za seva", RAID 5, spidi MB 9

Wakuu, leo salamu fupi. Nina hasira.

Ofisi yetu ni studio ya video za harusi, hapa Dar. Wahariri wanne wanategemea seva moja: Debian (aina ya Linux), RAM GB 8, diski nne za TB 4, zimeunganishwa kwa programu ya mdadm kuwa RAID 5, yaani zinafanya kazi kama diski moja na ikifa moja data inabaki. Diski nilizifuata dukani mwenyewe, nikamwambia muuzaji kwa kinywa changu: nataka za seva, zitafanya kazi usiku na mchana. Akaniapia na Mungu juu.

Ukianza kumwaga mafaili unapata MB 110 kwa sekunde, yaani mtandao wa gigabiti umejaa. Subiri kidogo. MB 9. Tisa! Flashi ya kugawiwa bure semina inanizidi.

Nikauliza watu, nikajibiwa "ongeza RAM", "nunua kadi ya RAID". Mnaojibu hivi huwa mmesoma swali kweli? Nikakesha peke yangu. stripe_cache_size (kashe, yaani RAM inayoshikilia data kabla haijaandikwa kwenye RAID) ilikuwa 256, nikaipandisha hadi 8192. Kwa diski nne inakula MB 128 za RAM, si kitu. Na hapo nafuu niliiona, nisiseme uongo. Kwenye RAID 5, kuandika kitu kidogo ni kazi nne: usome data ya zamani, usome pariti ya zamani (hesabu ya kurudishia data diski ikifa), uandike data mpya, uandike pariti mpya. Kashe ikiwa na nafasi, md (sehemu ya Linux inayoendesha RAID) inakusanya mpaka mstari mzima wa diski zote ujae, pariti inapigwa hesabu papo hapo, hakuna cha kusoma. ext4, mfumo wa mafaili, nayo nikaikagua kama vipimo vyake vinalingana na RAID: kipande 512K, stride 128, stripe-width 384. Iko sawa.

Lakini bado kuna usiku mambo yalikuwa yanalala kabisa. Kumbe Debian hukagua RAID nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi, karibu saa saba usiku. Sasa harusi ni Jumamosi, vijana wanarudi ukumbini saa hizo hizo na kadi zimejaa! Nikahamishia ukaguzi Jumanne. Hilo nilikosa mwenyewe, sikusoma.

Bado, ukimwaga mafaili mengi, ile MB 9 ikabaki pale pale. Ndipo nikatafuta namba ya modeli iliyoandikwa kwenye lebo. SMR, wakuu. Zote nne! Kwa wasiojua: njia za data zimelaliana kama makuti paani, ukitaka kubadilisha la chini lazima uinue ya juu yake. Diski ina sehemu ndogo ya kupokelea kwa haraka, ndiyo ile MB 110 ya mwanzo. Ikijaa, inaanza kuinua makuti huku wewe unasubiri. Hakuna namba ya kuandika ndani ya /sys (folda ya mipangilio ya Linux) itakayotibu hiyo. Wiki tatu nilikuwa namnyoa mtu mwenye malaria.

Na haya si mapya. Tangu 2020 dunia nzima inajua kuna diski za NAS (seva ndogo za kuhifadhi mafaili) ziliuzwa hivi bila boksi kusema neno. Muuzaji hajui, au anajua?

Wiki iliyopita diski moja ikakaa kimya kupita sekunde 30 ambazo kernel (kiini cha Linux) huvumilia, md ikaitupa nje. Nikairudisha dukani na risiti. Jibu: "Kaka, si inawaka? Inasoma?" Tukabishana mpaka wateja wakageuka kututazama, akanibadilishia. Nikafurahi kama mjinga, nikaichomeka, nikaiongeza kwenye RAID. Jioni ndiyo nikasoma lebo. Modeli ile ile.

Anayejua duka Kariakoo linalouza CMR (diski ambazo njia zake hazijalaliana) na kukubali kuiandika kwenye risiti, aniambie. Nimeshapandisha sync_speed_min, spidi ya chini ya kuijaza diski mpya, na bado /proc/mdstat, ripoti ya RAID, inasema finish=4124min. Siku tatu kasorobo, ikifa nyingine katikati data yote imeondoka, na bwana harusi wa mwezi uliopita ameshapiga simu mara mbili leo.