Naombeni ushauri: mwanangu ni konabeki wa chuo, NFL (ligi ya kulipwa ya Marekani) atafika?

Wakuu, salaam. Tuko Ohio, kijana wangu anacheza mpira wa Kimarekani chuoni, namba yake konabeki, yaani kumkaba mpokeaji wa pembeni. Mbio anazo. Hofu yangu ni mikono. Chuoni anaweza kumbana mpokeaji mpaka mpira urushwe. NFL ukimbana baada ya yadi 5 toka mstari mchezo unapoanzia ni faulo. Na ukimzuia mpira ukiwa hewani, chuoni adhabu haizidi yadi 15, ila NFL mpira unawekwa palepale ulipomchezea, hata ikiwa yadi 40! Konabeki Richard Sherman alichaguliwa raundi ya 5 ya drafti (timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya) mwaka 2011 akatesa sana na timu ya Seattle, lakini yule ni mrefu. Wangu ana futi 5 na inchi 10. Mliofuatilia haya kwa karibu, aingie drafti sasa au abaki chuoni mwaka mmoja arekebishe mikono?