Kamati za matamasha Tanga, mtoto wa mwanamuziki si lazima aimbe!

Wakuu salaam. Wiki ya pili hii jambo limenikaa kooni, leo nalitema.

Nililipa 50,000 ya meza kwenye tamasha moja hapa Tanga mjini. Risiti ninayo, imeandikwa "mavazi". Nikabeba magauni 14 ya kitenge na kanga kwa bajaji kutoka Ngamiani, saa moja asubuhi nimeshapanga. Saa kumi jioni, watu ndiyo wanachangamka, nimechuchumaa namkunjia mama mmoja pindo, pini tatu nimezibana mdomoni, namsikia MC: "Tunayo hapa damu ya mpiga solo wetu! Binti, panda jukwaani!"

Anamsema marehemu baba yangu, alikuwa mpiga gita. Nikatikisa kichwa. Na pini mdomoni ningejibu nini? Vijana wawili wa kamati wakaja kunishika mikono kama bibi harusi. Kule juu nikakabidhiwa gita. Jamani, mimi hata kulikaza nyuzi sijui. Nikalishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani kajikojolea. Watu wakapiga makofi, wakasubiri, wakazomea. Narudi mezani magauni mawili hayapo, na yule mama kaondoka na la tatu mwilini, pini zangu zikiwa humo humo.

Kulalamika, mzee mmoja wa kamati ananiambia: "Mwanangu, maji hufuata mkondo. Wenzenu Ulaya, watoto wa wanamuziki wa rock wote wanashika magita ya baba zao."

Wote? Nani kamdanganya? Stella McCartney, binti wa Paul wa The Beatles, ni fundi mwenzangu. Alijifunza kukata suti kwa Edward Sexton, fundi wa Savile Row, mtaa wa mafundi suti kule London. Anayeshona anajua suti ya kiume ilivyo: bega likikataa, kitambaa chote kimekwenda. Mwaka 1997 akapewa kuongoza ubunifu wa Chloé, kampuni ya mitindo kule Paris, na Karl Lagerfeld aliyemtangulia akambeza kwamba jina hilo ni kubwa kwenye muziki, si kwenye mavazi. Kumbe masimango ya jina la baba yapo hadi Paris! Mwaka 2012 timu ya Uingereza ikaingia Olimpiki na sare alizobuni yeye na Adidas. Dada yake Mary ni mpiga picha. Duncan Jones, mtoto wa mwanamuziki David Bowie, anaongoza filamu, ile ndefu ya kwanza ilitoka 2009 na ikampa tuzo ya BAFTA, tena anatumia Jones, jina la ukoo, maana Bowie lilikuwa la baba na jukwaa lake. Jade, binti wa Mick Jagger wa Rolling Stones, anabuni vito. Liv Tyler, binti wa Steven Tyler wa bendi ya Aerosmith, anaigiza.

Waliofuata mkondo wapo, sikatai. Jason Bonham alikalia kiti cha marehemu baba yake kwenye dramu, bendi ya Led Zeppelin ilipopanda tena jukwaani London 2007. Lakini yule anajua kupiga!

Na nyie mtakaokuja na "baba yako alikuwa staa, mtaji unao", subirini kwanza. Baba alirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka leo mnamsikia kwenye vipindi vya zilipendwa mnatikisa vichwa. Nyumbani aliacha gita lenye nyuzi nne, kabati moja na daftari la madeni ya dukani. Cherehani nimeinunua kwa kushona sare za shule, misimu mitatu ya Januari. Lebo za nguo zangu zina jina langu mimi, la kwake silitumii hata kuuzia kofia.

Kamati mnajijua. Nataka 50,000 yangu na pesa ya magauni mawili, 35,000 kila moja. Mkiniita tena "kwa heshima ya mzee", heshima hiyo pelekeni kaburini kwake, majani yamejaa.

Na wewe mama wa gauni la kitenge cha bluu, kama upo humu, nitumie ujumbe. Sikudai wizi, najua ulinisubiri ukachoka. Ila pindo la kushoto halijashonwa, na pini ya tatu iko upande wa ndani, itakuchoma.