Naombeni ushauri: kibao cha "aliishi hapa" kwenye nyumba ya Shangani, niandike jina la nani?

Msimamizi76
Assalaam alaykum wakuu. Nasimamia nyumba ya wageni Shangani, Mji Mkongwe, Unguja. Mwenye nyumba anataka kibao cha marumaru mlangoni, kitaje mtu maarufu aliyewahi kukaa. Naomba msaada wa mambo mawili: Shangani wamekaa watu gani wenye majina, wa zamani na wa sasa? Na kibao kinafungwaje ukutani bila kuibomoa nyumba? Kina sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 2. Kuna wageni wanaingia Jumatatu na usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

Bint Mkunazini
Anza na wanawake, maana vibao vya mji huu vinawasahau. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Mtoni 1844, akajifundisha kuandika kwa siri, na 1866 akaondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, aliyekuwa jirani yake. Walioana Aden 1867. Kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani 1886. Halafu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, aliyeingia mjini 1911 na kwenda kurekodi Bombay 1928. Halafu Bi Kidude, mwimbaji naye, aliyetutoka 17 Aprili 2013. Hao watatu wanatosha vibao kumi.

Kiponda Kwetu
Bint, heshima yako, ila kaulizia Shangani. Siti na Bi Kidude ni wa Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani. Salme alipohamia mjini alikaa Beit el Watoro na baadaye Beit el Thani, kule kwenye majumba ya kifalme. Na kabla hajatokea wa kumtaja Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021: huyo ni mtoto wa Malindi, karibu na bandari.

Wa Shangani hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Jumba lake lipo nyuma ya Africa House, na amefia mjini humu Juni 1905. Pia ubalozi wa zamani wa Waingereza ulikuwa ufukweni hapo Shangani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifikia pale, na maiti ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ililazwa pale 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza. Lakini kufikia si kuishi. Livingstone ana nyumba yenye jina lake kule Kinazini, nayo alikaa 1866 kwa muda tu akitayarisha safari. Kibao cha kweli kinatofautisha "alizaliwa", "aliishi", "alifikia" na "alifia". Maneno manne hayo wengi wanayachanganya.

Mtoto wa Dar
Tippu Tip tena? Mkimwandika, andikeni na kazi yake: pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. 1887 Leopold wa Ubelgiji alimpa ugavana wa Stanley Falls, huko huko Kongo, na mashamba yake ya karafuu hapo Unguja yalilimwa na watumwa. Kibao kinachosema "mfanyabiashara mashuhuri" kikaishia hapo kinawadhulumu waliobebeshwa zile pembe. Neno "watumwa" lina herufi saba tu, linaenea kwenye marumaru yoyote.

Fundi Chokaa
Nijibu la ukutani. Jiwe la vipimo hivyo lina karibu kilo 13. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta sentimita 50 hadi 60. Ukitumia drili ya kugonga, chokaa inavunjika ndani, tundu linapanuka na plagi inazunguka tu. Zima kile kigongeo, toboa polepole. Skrubu nne za stenlesi, milimita 8, urefu sentimita 10. Za chuma cha kawaida hapana: chumvi ya bahari inazila, kutu inavimba, marumaru inapasuka kuanzia pembeni. Matundu ya jiwe yakae sentimita 4 kutoka ukingoni, yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 2. Nyuma weka vipande vya bomba vya sentimita 1 ili ukuta upumue.

Usipake saruji, hata ile nyeupe. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, saruji inauziba, na msimu mmoja wa masika ukipita plasta inavimba na kudondoka na jiwe lako. Ziba kwa chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa pwani. Na kwanza kabisa ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo lote lipo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, ukuta wa mbele huutoboi kwa kujiamulia.

Ila niambie, ukuta wako ni wa nini? Toboa tundu moja dogo pasipoonekana uangalie unga.

Mzee wa Nyaraka
Nami nina swali. Umeandika kibao "kina" sentimita 60. Hukuandika "kitakuwa". Kipo tayari? Na kama kipo, kimeandikwa jina la nani?

Msimamizi76
Mzee, sikutaka kuanza na hilo. Ndiyo, kimeshachongwa. Kimeandikwa: FARROKH BULSARA (FREDDIE MERCURY) ALIZALIWA NA KUISHI HAPA 1946–1964. Ndiye yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Nusu ya pesa imeshalipwa na nusu inadaiwa. Mwenye nyumba kasikia kwa wazee kuwa familia ile ilipanga ghorofa ya pili. Mimi sikutunga, nimetekeleza. Tena nyumba kadhaa hapa mjini zinatajwa hivyo hivyo, kwa nini yetu iwe kosa? Watu wanakuja kwa jina lile, na wafanyakazi sita tunakula kwa wageni hao.

Kiponda Kwetu
Ndiyo maana usingizi hauji.

Mzee wa Nyaraka
Tuyachukue maneno yako moja moja. "Alizaliwa hapa": alizaliwa 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali, si chumbani. Limeanguka. "1946–1964": alipofika umri wa miaka 8 alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kwa hiyo hata nyumba ya kweli haiwezi kudai miaka 18 mfululizo. Limebaki "kuishi hapa".

Nyumba zinazotajwa ni nyingi kwa sababu inayoeleweka. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha serikalini, na familia ya namna hiyo ilikuwa ikipanga. Hati ya nyumba inamtaja mmiliki, au wakfu, haimtaji mpangaji. Mpangaji akihama haachi alama. Wazee wanakumbuka "Waparsi walikaa pale", yaani Wahindi wa dini ya Zoroasta kama akina Bulsara, nao Waparsi hawakuwa familia moja.

Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Anza na Gazeti Rasmi na orodha za watumishi wa serikali, miaka ya 1946 hadi 1964, chini ya jina Bulsara. Zitakupa cheo na idara, si mlango. Mlango utaupata kwenye barua yenye anuani, risiti ya kodi, au kitabu cha simu. Kisha hati ya nyumba yenu: nani alimiliki, alipangisha kwa nani, na kama ilitaifishwa baada ya 1964. Vitu viwili visivyotegemeana vikikubaliana, chonga. Kimoja peke yake hakitoshi.

Bint Mkunazini
Na makumbusho yake yapo hapo hapo Shangani, Barabara ya Kenyatta, tangu Novemba 2019. Mgeni atatoka kule aje kwenu, ataona tarehe hazilingani.

Tajiri wa Hoja
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Tangazo limevaa kanzu ya ushauri. Jina la nyumba hataji, picha haweki, ila jina la msanii kaliweka kwa herufi kubwa. Wiki ijayo mtaona watu wanasambaza "nyumba mpya ya Freddie yagunduliwa". Kama ni kweli, mbona Fundi kamuuliza ukuta wa nini na hajajibu?

Msimamizi76
Jina la nyumba sitaji kwa sababu nina mwajiri, sina tangazo lolote. Fundi, nimetoboa tundu nyuma ya sanduku la umeme, upande wa mlango mkubwa. Unga wa kijivu. Sentimita 4 hivi, halafu drili ikapenya kama hakuna kitu.

Tajiri wa Hoja
Mmesikia? Kijivu, halafu patupu. Hilo ni tofali la saruji lenye matundu. Ukuta wa Shangani wa kabla ya vita unatoa unga mweupe wenye chembe za tumbawe. Ama nyumba haipo, ama haipo pale anaposema.

Fundi Chokaa
Tusikimbilie chai. Nyumba nyingi mjini ni viraka, mbele hivi, nyuma vile. Msimamizi, fanya mambo matatu leo hii. Pima unene wa ukuta kwenye dirisha la mbele na la nyuma. Tazama dari ya vyumba vya nyuma kama kuna boriti za mikoko. Halafu pima upana wa vyumba hivyo. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Chumba cha mita 5 kwa 5 ujue kina zege.

Msimamizi76
Nimepima. Mbele sentimita 20. Nyuma sentimita 56. Vyumba vya nyuma vina upana wa mita 2 na sentimita 70, boriti zipo, zimepakwa rangi nyeusi, na moja ukiikwaruza kwa ukucha ni nyekundu ndani. Nimemuuliza mtoto mkubwa wa mwenye nyumba. Anasema upande wote wa mbele uliporomoka kwa mvua, ukajengwa upya 1987, ghorofa zote tatu.

Kwa hiyo nyumba ni ya kweli na ni ya kale. Nadhani sasa naweza kukifunga kibao ndani, kwenye ukuta wa nyuma.

Tajiri wa Hoja
Nafuta neno chai. Vipimo hivyo havitungiki, mtu wa kutunga angesema mita 4. Naomba radhi.

Mzee wa Nyaraka
Kukihamishia ndani hakubadilishi maneno. Ghorofa ya pili mnayosema ilipangwa, ile inayotazama barabara, imejengwa 1987. Mtu mwenyewe alikuwa ameshaondoka Unguja miaka 23. Mgeni atasimama kwenye chumba ambacho hakikuwepo.

Tazama wenzetu wanavyofanya. Nyumba ya familia hiyo Feltham, magharibi mwa London, imewekwa kibao cha buluu Septemba 2016. Kinasema jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, kazi yake, na kwamba aliishi hapo. Hakuna zaidi, na maneno hayo machache yalichunguzwa kwanza. Wana pia kanuni kuwa mtu awe amefariki miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo lile swali lako la "wa sasa" liache: aliye hai ana haki ya kufunga mlango wake bila watalii kibarazani.

Mtoto wa Dar
Kwa nini kibao kisiiseme nyumba yenyewe? Imeporomoka, imejengwa, nusu mkoko nusu tofali.

Msimamizi76
Mwenye nyumba hatakubali. Pesa imeshatoka.

Fundi Chokaa
Jiwe halijapotea. Herufi za kuchongwa huingia milimita 3 au 4. Jiwe lako lina milimita 20. Ligeuze. Upande wa nyuma una mikwaruzo ya msumeno, usugue kwa jiwe la kusagia la chembe nene, kisha za kati, kisha laini, na maji muda wote. Chonga upande huo milimita 3. Katikati zinabaki zaidi ya 12, zinatosha kwa jiwe la kutundikwa na skrubu nne. Matundu ya pembeni yanabaki yale yale mradi yalipigwa kwa ulinganifu, yapime kabla hujageuza. Gharama ni ya kuchonga tu, hununui jiwe.

Na ukuta wa mbele ni tofali tupu ndani, kwa hiyo skrubu nilizokuambia mwanzo hazifai, zitaning'inia hewani. Kama kinakwenda mbele, tafuta plagi za tofali lenye matundu, zinazofunguka ndani, au toboa kwenye zege la nguzo. Kama kinakwenda nyuma, ni chokaa, na Jumatatu hutawahi. Chokaa ya kuzibia inataka kufunikwa gunia bichi siku tatu nne isikauke ghafla.

Msimamizi76
Nimepima matundu: sentimita 4 kila upande, yanalingana. Mchongaji kasema jiwe analigeuza, ila nimpe maneno leo kabla ya Alasiri. Nimeandika hivi: "Nyumba ya Shangani. Nyuma: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mbele: imejengwa upya 1987." Jina la mtu nimeliacha hadi nitoke Kilimani. Mwenye nyumba yuko safarini, nampigia usiku. Fundi, gunia nalilowesha kwa maji ya bomba au ya kisima?

Fundi Chokaa
Ya bomba. Visima vya mjini vina chumvi.