Mrejesho: mng'ao na rangi ya manjano kwenye picha za hati za kale

Niliuliza kwa nini picha za hati zetu za kale zinatoka na mng'ao katikati, na karatasi inaonekana ya manjano kuliko ilivyo. Asanteni sana, limetatuka.

Mng'ao ulitokana na taa kukaa karibu mno na kamera. Sasa taa mbili zinazofanana ziko kushoto na kulia, kila moja ikimulika kwa nyuzi 45, na za dari zimezimwa. Hapo rangi nayo ikatulia: mwanga wa aina mbili ukichanganyika, hakuna mpangilio wa kamera unaousawazisha wote. Kadi ya rangi (ya kulinganishia rangi) na rula hukaa kando ya hati, kamwe si juu ya maandishi.

Tunahifadhi TIFF (aina ya faili ya picha inayotunza ubora wote), piseli 400 kwa inchi. JPEG, faili ndogo iliyobanwa, ni ya kusomea tu. Majina ya faili yanaanzia 0001, maana bila sufuri za mbele, kompyuta ikipanga majina huweza kuiweka 10 kabla ya 2. Alama ya SHA-256 (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye faili, hubadilika faili ikibadilika) hutengenezwa kabla ya kunakili, kisha hulinganishwa kwenye nakala zote tatu, moja ikiwa katika jengo jingine.

Vitabu vyenye mgongo mkavu msivilaze wazi kabisa: vifungueni nyuzi 90 hadi 100 juu ya vipande vya povu, mpige picha kurasa za upande mmoja kwanza.