Ushauri: mama kaambiwa mitishamba ya Kichina, hedhi imekoma

Binti_Kalenga: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 52, hedhi imekoma mwaka jana. Usiku anawaka joto na kulowa jasho hata kwa baridi hii ya Iringa, na anasahau sahau. Ana presha, anameza haidroklorothiazaidi. Kauziwa kopo la vidonge vya Kichina; lebo inataja dang gui, gan cao na ginko. Aanze?

Mfamasia_Uyole: Asianze. Kinachonitia hofu zaidi ni gan cao. Ni mzizi mtamu wa Glycyrrhiza, umo kwenye michanganyiko mingi mno ya Kichina. Glisirizini iliyomo huzuia kimeng'enya cha figo kinachovunja kotisoli (homoni ya mwili), kwa hiyo mwili hushika chumvi na maji, presha hupanda, na potasiamu hutoka na mkojo. Dawa yake ya presha nayo hutoa potasiamu. Vikikutana, misuli inalegea, moyo unadunda ovyo. Kama ameshaanza kumeza, aache, apimwe presha na potasiamu ya damu. Dawa ya presha aendelee nayo.

Dang gui, mzizi mwingine wa Kichina, ilijaribiwa peke yake Marekani, matokeo yakatoka 1997: wanawake 71, wiki 24, haikupunguza joto kuliko vidonge vitupu visivyo na dawa. Watetezi husema Wachina huuchanganya na mimea mingine, na hapo wana haki. Ila kopo lisiloonyesha kila mmea upo miligramu ngapi halimfai mwenye presha. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse dang gui kabisa, damu itakuwa nyepesi kupita kiasi.

Ginko, majani ya mti wa Kichina, haizuii maradhi ya kusahau. Ilijaribiwa: 120 mg mara mbili kwa siku, watu 3,069 wa miaka 75 na zaidi, matokeo ya 2008. Kusahau kwa mama huenda kunaletwa na usingizi unaokatika kwa jasho. Tulizeni joto la usiku kwanza.

Soya_Mbozi: Akitaka mmea, soya ina ushahidi kidogo. Isoflavoni zake, kemikali za mmea, hushika vipokezi vya istrojeni (homoni ya kike), kwa nguvu ndogo. Maji yakishatokota tumbukiza soya, chemsha nusu saa, toa maganda, anika, kaanga kidogo, saga. Mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini: protini haisagiki vizuri, tumbo linajaa gesi. Vijiko vinne vya chakula vilivyojaa, kama gramu 30, kwenye uji kila siku, kwa wiki 12. Si kila mtu hupata nafuu, maana si wote wana bakteria wa tumboni wanaogeuza daidzeini, isoflavoni mojawapo ya soya, kuwa ikwoli, yenye nguvu zaidi. Mwenye historia ya saratani ya titi amuulize daktari kwanza. Anayemeza levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, aitenganishe na soya kwa saa nne.

Binti_Kalenga: Asanteni sana. Hajaanza, kopo nimelichukua. Na damu ikitoka tena?

Nesi_Njombe: Ikiwa imepita miezi 12 bila hedhi, hata tone moja ni la kwenda hospitali wiki hiyo hiyo, apigwe ultrasaundi ya kizazi. Mkiwa huko mwulizeni daktari kuhusu dawa za homoni, ndizo zinazotuliza joto kuliko zote, ila presha ikae sawa kwanza.