Nimenunua geti la zamani la uwanja wa mpira, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, mi nipo Manchester, nimenunua geti la zamani la kuingilia uwanjani, yale ya chuma yanayozunguka, unalisukuma kwa tumbo mnapita mmoja mmoja. Lina kibati cha kampuni ya Ellison ya Salford, hawa ndo waliweka mageti ya hivi kwenye viwanja kibao Uingereza enzi hizo. Zuri balaa! Watu wanne tumeshindwa kulinyanyua.

Sasa aliyeniuzia anasema limetoka Roker Park, uwanja wa zamani wa Sunderland uliofungwa 1997, ila karatasi hana hata moja. Nimekwangua kidogo pembeni, juu nyekundu sawa, chini yake bluu tena bluu ya kukolea, na Sunderland ni wekundu na weupe tangu zamani, hapo ndo nikaanza kuhisi nimepigwa. Kuna njia ya kujua lilipotoka kweli?

La pili, rangi za zamani zina madini ya risasi (lead), naitoaje bila kujiumiza mapafu? Kimashine cha kuhesabu watu kimeganda kwenye 04417, nikipulizie oili au nisiguse? Wife keshasema halikai sebuleni.